Michezo Kwenye Kikundi: Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Siiachi Tena



Wakati huu wa maandalizi ya msimu vikundi vingi vinaanza kukutana upya, na kuna swali ninaloulizwa karibu kila ninapokwenda. Tumekutana chini ya mwembe, nimewasimamisha watu duara, wanarushiana mpira wa matambara huku kila mmoja akitaja jina la anayemrushia. Mzee mmoja pembeni ananiuliza: "Bwana Shamba, tumekuja kujifunza mahindi au kucheza?"

Swali hilo ni la haki. Mtu ameacha shamba lake, mwingine amefunga genge lake, na kila mmoja anataka kujua muda wake unakwenda wapi. Leo nitalijibu kwa historia, maana wengi wanadhani michezo hii ililetwa na watu wa semina za hotelini. Sivyo ilivyo. Ina historia ndefu, sehemu yake ni ya kwetu, na ukiijua utaweza kutofautisha mchezo wenye faida na ule wa kupoteza muda.

Kosa langu mwenyewe

Nilipoanza kazi sikuipenda michezo hii. Nilikuwa na pikipiki moja, vijiji vitatu na ratiba iliyojaa. Niliona dakika 20 za kucheza ni dakika 20 zilizoibwa kwenye somo la nafasi za kupandia. Kikundi kimoja cha wakulima wa alizeti nilikifundisha hivyo msimu mzima: mimi naongea, wao wanaandika, nauliza "tumeelewana?", wanaitikia "ndiyo", tunaachana. Walikuwa watu 22, mahudhurio mazuri, daftari safi. Kwenye ripoti niliandika kwamba kikundi kiko imara.

Wakaanza kuchangishana ili wanunue mashine ya kukamua mafuta. Mwaka wa pili fedha zilipohesabiwa hazikutimia, na ndani ya wiki mbili kikundi kikavunjika. Wako ndugu wa ukoo mmoja ambao hawasalimiani mpaka leo. Kilichoniuma zaidi nilikisikia baadaye. Mama mmoja alinieleza kwamba tangu mwezi wa pili aliona jumla za daftari haziendani na walichotoa. Lakini hakuwahi hata mara moja kusema neno mbele ya kikundi kile, na hakuona angeanzaje siku hiyo, tena na jambo zito kama hilo.

Nilikuwa nimeuchukua ukimya wao nikauita makubaliano. Hapo ndipo nilipoanza kufuatilia michezo hii ilitoka wapi na ilikusudiwa kufanya nini.

Jembe na ngoma Usukumani

Tuanzie nyumbani. Kusini mwa Ziwa Victoria, kwa Wasukuma, kulima kwa pamoja na kucheza kwa pamoja vilikuwa jambo moja kwa muda mrefu. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao, wenyewe waliitwa basumba, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Chama hicho ndicho kilichopanga zamu za kulimiana mashamba. Aliyetaka shamba lake lilimwe aliwaita, nao wakaja na majembe na ngoma. Waliopiga ngoma walishika mwendo, mwimbishaji akaongoza, na mstari mzima wa majembe ukapanda na kushuka kwa pamoja. Malipo yalikuwa chakula, mnyama wa kuchinja, na baadaye fedha.

Ngoma ya bugobogobo, ambayo leo mnaiona kwenye sherehe za taifa vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka, imetoka huko. Ilikuwa kazi ya shambani kabla ya kuwa maonyesho ya jukwaani. Mchezaji aliyedaka jembe sawasawa alikuwa mtu anayelijua jembe.

Kulikuwa pia na mashindano. Wachezaji wa Usukumani waligawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu, na asili ya pande hizo inapelekwa kwa mafundi wawili wa ngoma na dawa wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno pande mbili zilicheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Hakukuwa na mwamuzi wa kukaa mezani na kalamu. Watu walihama kwa miguu yao, na kila mtu aliona. Mashindano ya namna hii bado yanafanyika kila mwaka kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora, nje kidogo ya Jiji la Mwanza.

Ninachojifunza hapo ni hiki. Mchezo ule ulifanana na kazi. Aliyechelewesha jembe mstarini alijulikana, akachekwa, akajirekebisha, na hakuna aliyepata hasara. Kikundi kilijizoeza kwenda pamoja mahali ambapo kosa lilikuwa rahisi, ili siku ya shamba la mwenye kulipa kisikosee.

Mhadhara na mazungumzo

Sasa tuvuke bahari, kwa sababu michezo ya semina tunayoifahamu leo ina mzazi mwingine, tena aliyeanza na jambo linalotuhusu sana sisi watu wa ugani: kwa nini watu wanasikia ushauri mzuri halafu hawaufuati?

Mtafiti huyo aliitwa Kurt Lewin. Alikuwa Myahudi aliyefanya kazi Ujerumani na kuhamia Marekani mwaka 1933 baada ya Hitler kushika madaraka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Marekani ilitaka familia zile zaidi nyama za ndani kama moyo na figo, kwa sababu nyama nyingine ilihitajika kwa askari. Akina mama wengi hawakuzitaka. Lewin alichukua vikundi 6 vya akina mama, kila kimoja na watu 13 hadi 17. Vikundi 3 vilipewa mhadhara mzuri wenye maelezo ya lishe na mapishi. Vikundi 3 vingine vilipewa mtu wa kuongoza mazungumzo: akina mama wenyewe waliongea juu ya vikwazo, harufu, waume zao wangesema nini, na mwisho wakanyoosha mikono kuonyesha nani yuko tayari kujaribu. Muda ulikuwa ule ule, dakika 45.

Walipofuatiliwa baadaye, kati ya waliosikiliza mhadhara asilimia 3 ndio waliopika nyama ambayo hawakuwahi kupika kabla. Kati ya waliozungumza ilikuwa asilimia 32.

Niliposoma namba hizo nilikumbuka kikundi changu cha alizeti, ambacho kwa msimu mzima nilikuwa nakipa mhadhara.

Miaka michache baadaye, majira ya joto ya mwaka 1946, Lewin na wenzake waliendesha mafunzo kwa viongozi wa jamii huko Connecticut. Mchana washiriki walifanya kazi kwenye vikundi vidogo huku watafiti wakiwaangalia na kuandika. Usiku watafiti walikaa peke yao kujadili walichokiona. Jioni moja washiriki wachache wakaomba kuingia na kusikiliza. Wakaruhusiwa. Mtafiti mmoja alipoeleza jinsi mama mmoja alivyofanya kwenye kikundi mchana ule, mama huyo alikuwepo, akapinga akasema haikuwa hivyo. Ukazuka mjadala mkali. Siku zilizofuata washiriki wengi wakawa wanakuja usiku, kwa sababu waligundua kwamba wanajifunza zaidi wanapozungumzia walichokifanya wenyewe kuliko wanaposikiliza somo.

Lewin alifariki Februari 1947, lakini majira ya joto ya mwaka huo wenzake walifungua mafunzo ya kudumu ya namna hiyo huko Bethel, jimbo la Maine. Mafunzo mengi ya ushirikiano yanayofanyika leo kwenye makampuni, makanisa na ofisi za serikali yana mizizi yake huko. Njiani, wengi walibeba mchezo wakaacha mazungumzo yanayofuata. Watu wanakimbia, wanacheka, wanapiga picha, wanakwenda kunywa chai. Mchezo wa namna hiyo ndio ambao mzee wetu ana haki ya kuulalamikia.

Mpunga wa Java

Njia iliyoileta michezo hii shambani kwetu ilipita kwanza Indonesia. Mwaka 1984 nchi hiyo ilifikia kujitosheleza kwa mchele. Muda mfupi baadaye mashamba ya mpunga, hasa kisiwa cha Java, yakashambuliwa vibaya na mdudu mdogo wa rangi ya kahawia anayefyonza maji ya shina mpaka mmea unakauka. Wakulima walipulizia dawa, na mdudu akazidi. Serikali yenyewe ilikuwa ikilipia sehemu kubwa ya bei ya dawa hizo kwa ruzuku.

Watafiti, akiwemo Peter Kenmore wa FAO ambaye alikuwa amemchunguza mdudu huyo katika mashamba ya Ufilipino, walieleza sababu. Dawa iliua buibui na wadudu wengine marafiki wa mkulima wanaomla mdudu yule. Adui akabaki bila wa kumpunguza. Mwezi Novemba 1986 Rais Suharto akapiga marufuku aina 57 za viuatilifu zisitumike kwenye mpunga, na ruzuku ya dawa ikaondolewa kwa hatua hadi ikaisha mwaka 1989.

Lakini marufuku haimfundishi mtu. Wakulima walikuwa wamezoea kupulizia kwa kalenda, wiki fulani dawa fulani, kama walivyoelekezwa. Sasa walitakiwa wachunguze shamba wenyewe, wahesabu wadudu, watofautishe rafiki na adui, kisha waamue. Zaidi ya hapo walitakiwa waseme uamuzi wao mbele ya wenzao, na ikibidi wambishie afisa.

Ndipo mwaka 1989 yakaanzishwa mashamba darasa ya kwanza. Watu kama 25 walikutana asubuhi moja kila wiki, msimu mzima, pembeni ya shamba la mpunga. Waligawanyika vikundi vya watu 5 hivi, wakaingia shambani kuangalia mimea, wakarudi kivulini na kuchora kwenye karatasi kubwa walichokiona: mmea, wadudu, maji, magugu. Kila kikundi kikasimama kueleza mchoro wake na kutetea uamuzi wake. Na katika ratiba ya kila mkutano kulikuwa na zoezi la kikundi, yaani mchezo.

Mchezo uliwekwa pale kwa kusudi. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu 25 hawezi kuanza kwa kumwambia mwenyekiti, "Hapana, tusipulizie, nimehesabu buibui wa kutosha." Lazima aanze na jambo dogo. Akishakosea kwenye mchezo watu wakacheka naye, wiki ijayo atathubutu kusema kwenye mchoro, na wiki nyingine atathubutu kupinga.

Mpaka kwetu

Mwaka 1999 FAO na IFAD walianzisha mradi wa majaribio wa mashamba darasa Afrika Mashariki: magharibi mwa Kenya, mashariki mwa Uganda, na hapa Tanzania mkoani Kagera. Baadaye njia hiyo ikaingia kwenye Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo iliyoanza mwaka 2006, na jina "shamba darasa" likawa la kawaida vijijini.

Nakiri kwa niaba yangu na ya baadhi ya wenzangu: tulichukua shamba, tukachukua darasa, na mara nyingi tukaacha mchezo. Tulifanya hivyo kwa haraka. Tukabaki na shamba la mfano lenye kibao, na watu wanaoitikia "ndiyo".

Wafanyabiashara nanyi mnayo historia yenu. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kufanya kazi na vikundi vya akina mama vya kuweka akiba huko Maradi, nchini Niger. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo mwanzoni hesabu ziliwekwa kichwani. Njia hiyo ilienea nchi nyingi, na kwetu ilipitia Zanzibar miaka ya mwanzo ya 2000 ikakua kuwa vikoba. Pamoja na sanduku lenye kufuli tatu, wengi mnaijua desturi hii: mwisho wa kikao salio linatangazwa kwa sauti, kila mmoja analishika kichwani, na mwanzo wa kikao kinachofuata mnaulizwa lilikuwa kiasi gani. Watu hucheka mtu akisahau. Hata hivyo, salio lililo kwenye vichwa vya watu 25 ni gumu kubadilishwa na kalamu ya mtu mmoja.

Mngekuwa na desturi hiyo wale ndugu zangu wa alizeti, yule mama asingekuwa peke yake na alichokiona.

Na lugha yetu yenyewe ilishaliona jambo hili. Akina mama wanaochangiana fedha kwa zamu husema wanacheza upatu, na mahali pengi huuita tu "mchezo". Hakuna anayedhani kwamba huo ni utani.

Namna ya kufanya kwenye kikundi chenu

Kutokana na historia hiyo nimebaki na mambo matatu ninayoyafuata.

Kwanza, mchezo ufanane na kazi. Kama tatizo la kikundi ni maelekezo kutofika sawasawa, fanyeni mchoro wa kusimuliwa: wawili wawili wakae wakipeana mgongo, mmoja ana mchoro rahisi wa shamba lenye mistari na mashimo, amweleze mwenzake auchore bila kuuona. Mkilinganisha michoro mtajua kwa nini mbolea iliwekwa mbali na shina. Kama kazi yenu ni kuuza mazao kwa pamoja, kisieni uzito: leteni gunia na debe vilivyojazwa, kila mtu ataje kilo anazodhani, kisha pimeni kwenye mizani mbele ya wote. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walipoungana miaka ya 1950, mpaka vyama vyao vikaunda Shirikisho la Victoria mwaka 1955, mizani ya wanunuzi ilikuwa moja ya manung'uniko yao makubwa. Jicho lililozoea kupima halidanganywi kirahisi.

Pili, viongozi wacheze, tena wacheze kama wengine. Mwenyekiti akikaa kitini kuangalia, wanachama wanajifunza kwamba yeye hakosei. Akiingia duarani akasahau jina la mtu na kucheka mwenyewe, amewaruhusu wengine waseme. Mimi nami huingia. Ila msimlazimishe mtu jambo la kumdhalilisha. Waangalieni wazee, wajawazito na wenye ulemavu, na heshimuni mila za mahali kuhusu wanaume na wanawake kushikana mikono. Mtu aliyeaibishwa kwenye mchezo atanyamaza zaidi kuliko mwanzo.

Tatu, baada ya mchezo ulizeni maswali matatu: Nini kimetokea? Kwa nini? Kwenye kikundi chetu jambo hili linatokea wapi? Waanze kujibu wale wasiozoea kuongea, viongozi wawe wa mwisho. Hapa msifanye haraka. Mchezo wa dakika 10 unahitaji mazungumzo ya dakika 10 nyingine, na hilo swali la tatu ndilo lililonikosa mimi kwenye kikundi cha alizeti.

Sisemi kwamba mchezo unazuia wizi. Kikundi kinahitaji katiba, daftari, stakabadhi na akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja. Lakini vyote hivyo vinamtegemea mtu mmoja atakayesema "hapa pana tatizo" siku tatizo linapoonekana, na mtu huyo lazima awe ameshaizoea sauti yake mbele ya wenzake.

Yule mzee wa mwembeni nilimjibu kwa kumrushia mpira. Akaudaka, akakaa kimya kidogo, kisha akakiri kwamba kijana aliyekuwa mbele yake hamjui jina, ingawa wamekaa kikundi kimoja mwaka mzima. Tulianzia hapo. Tulipofika kwenye mahindi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubishana nami kuhusu nafasi ya mistari, na kwa udongo wa shamba lake alikuwa na hoja.

Kikao chenu kijacho chagueni mchezo mmoja tu kati ya hiyo, na mwisho wa kikao tangazeni salio kwa sauti. Nikipita kijijini kwenu nitauliza lilikuwa kiasi gani.

Msimu mwema.